Mkono wa Karani

12 Februari

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini kifua hakikusumbui sana. Mimi mwili ni mzima. Kilichobaki ndicho kibovu.

Mama, nataka kurudi nyumbani. Nasoma ukurasa, nikifika chini sikumbuki juu kulikuwa na nini. Si uvivu. Udaktari hauna mwisho ninaouona. Nirudi nisimame nawe chumba cha pasi, tunyooshe nguo za wateja. Huko angalau nguo ikinyooka, mtu anaiona.

Je, Dada ameshaitwa chuo? Mwambie bado nakumbuka alivyonipisha nitangulie.

Kitinda wako

1 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Huku salama. Kifua kina mambo yake, nami nina yangu. Usishangae herufi hizi: macho yangu hayashiki tena mstari, naandikiwa na karani mstaafu aliyepanga chumba cha nyuma. Mkono wake mzito, ila masikio anayo.

Umechoka? Pole. Dada yako ameitwa, udaktari huohuo, chuo cha mbali kuliko chako. Ameshaondoka, na walimu tayari wanamtaja kwa jina. Yeye hakuniambia amechoka. Alisema, "Yule mdogo nitamkuta hapohapo mlangoni."

Usimwandikie, anasoma. Na huku usije, hata likizo. Pasi ikipumzika juu ya nguo, inaunguza. Inuka.

Mama yako

20 Julai, mwaka uliofuata

Mama,

Shikamoo. Hujambo? Mimi sijambo, na nimeongoza darasa.

Picha ya Dada nimeibandika ukutani. Nikisinzia naitazama, usingizi unaruka. Mwanzoni ulikuwa wivu. Sasa nikipasua mwili maabara siwafikirii wagonjwa, naufikiria uso wake atakaposikia nimempita. Mwambie kila siku namwombea aanguke, na akianguka asitazamie mkono wangu. Mfikishie hivyohivyo, usilainishe.

Na huyo karani wako anaandika kama kuku aliyekunywa pombe. Alikuwa karani wa nani?

Kitinda wako

9 Agosti

Mwanangu,

Marahaba. Kuku anasema ahsante, anajitahidi.

Maneno yako yamemfikia dada yako. Alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akasema, "Mjibu kwamba na mimi nimeongoza." Mchukie, mwanangu, kama chuki ndiyo inayokuamsha. Ila soma.

Mama yako

3 Mei, mwaka wa mwisho

Mama,

Shikamoo. Barua yako iliyopita ilikuwa mistari mitatu, na roho yangu haitulii. Ni kifua? Mtihani wa mwisho umefika, lakini naweza kuuacha niufanye mwakani. Andika neno moja tu, "njoo", nami nitapanda gari siku hiyohiyo.

Kitinda wako

10 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Mimi mzima. Usije. Fanya mtihani.

Mama yako

30 Agosti

Mama, Mama, Mama,

Shikamoo mara tatu! Nimefaulu, na mimi ndiye wa kwanza. Jana mgonjwa aliniita daktari, nikageuka nyuma kumtafuta huyo daktari.

Karani naye mpe hongera: herufi zake siku hizi zimenyooka kama suruali ya bwana harusi.

Nakuja mwisho wa mwezi ujao. Mwambie Dada nimeshinda. Na tafadhali, nikifika nisimkute.

Daktari wako

14 Septemba

Mdogo wangu,

Hujambo? Huku tumebaki mmoja.

Karani hakuwahi kuwapo. Wiki ile ulipoandika umechoka, pasi iliniangukia mkono wa kulia. Vidole havikufunguka tena, na chuo hakikunipokea. Kuandika kwa kushoto nimejifunza kwa kukuandikia wewe. Kila nilipoongoza darasa, niliongoza pale mezani, Mama akitamka, mimi nikiandika. Na ulipoomba nianguke, mimi ndiye niliyemsomea kwa sauti. Kucheka nilicheka kweli.

Wewe alikuendesha kwa hasira. Mimi aliniendesha kwa ahadi: "Vumilia kidogo, mdogo wako akimaliza atakusomesha." Nguo nilizonyoosha kwa mkono mmoja ndizo zilizokuweka darasani.

Barua yako ya Mei aliisikia. Akasema, "Mwandikie aje." Alirudia mpaka sauti ikakatika. Nikachukua kalamu nikaandika usije, nikamwambia nimeandika njoo. Alikufa wiki hiyo, uso ameuelekeza mlangoni. Kila hatua iliyopita nje aliiita jina lako.

Ungekuja, ungeacha mtihani. Ungeacha, mimi ningezeekea kwenye pasi. Nilifanya alivyonifundisha.

Chuo cha ualimu kimenikubali. Naondoka kesho, kwa hiyo hutanikuta, kama ulivyoomba. Ufunguo uko kwa jirani, pasi iko dirishani. Kunisomesha sasa ni zamu yako.

Nimeambiwa masomo ni marefu. Nikichoka nitakuandikia. Unajua la kunijibu.

Dada yako, karani