Paraklito wa babu Methusela

Anyesi, pokea simu! Nimejifungia ndani.

Si unajua leo kanisani nilikuwa nasoma daftari la Methusela, babu mzaa babu, aliyekuwa mwalimu wa dini enzi za Mjerumani? Wiki nzima nimefanya mazoezi ya kutamka Paraklito, jina la Kigiriki la Roho Mtakatifu, k na l zishikane, nisiseme "parakilito" kama tunavyosema nyumbani.

Nikalitamka vizuri kabisa! Nikasoma na maelezo yake: "Para ni kando. Kletos ni aliyeitwa. Ndiye ambaye ukimwita, anakuja kusimama kando yako."

Mstari uliofuata sikuwa nimeupitia. Nikausoma kwa sauti, Anyesi, kwa SAUTI: "Askari walipomkamata jirani yangu Yoramu awe mpagazi wa vita, aliniita mara tatu. Sikutoka ndani."

Mara tatu! Sikutoka ndani! Na Yoramu hakurudi, Kibakwe nzima inajua.

Bibi Emilia, mjukuu wa Yoramu, alikuwa benchi la mbele. Akauliza tu, "Alimwita nani?" Nikakimbia.

Sasa yuko mlangoni kwangu, ananiita kwa jina.

Ameshaita mara mbili.