Kiatu cha Shangazi

4 Februari

Shikamoo Shangazi,

Na goti lako nalo nalisalimia, maana nasikia siku hizi ndilo linaloamua mwende wapi na mrudi saa ngapi. Daktari anasemaje? Na mkweo, mnaelewana, au bado mnagombania jiko? Sisi huku wazima. Baba anakohoa kidogo, ya kuzoea, na anamsalimia dada yake mpenzi.

Basi nimekalia kiti chako cha ukurugenzi. Kinazama upande mmoja vilevile ulivyokiacha, na nimekataa wasikibadilishe. Kilichonishinda ni lile rundo la funguo. Shangazi, shirika lenyewe lina vyumba vya kuhesabu kwa mkono mmoja, funguo zote zile za nini? Nikitembea nazo natoa mlio kama askari jela.

Bodi imenipa ukaimu mpaka mkutano wa Julai. Siku hiyo wataamua wanithibitishe kuwa mkurugenzi au watangaze nafasi wamtafute mtu wa nje. Mwenyekiti aliniambia hivyo huku anakunywa chai yangu, bila haya. Mimi sina wasiwasi. Miaka yote hii nimewafundisha wasioona kutembea na fimbo nyeupe, mitaro yote ya mtaa huu naijua. Nitashindwaje na walimu na dereva?

Sasa nina jambo. Nataka Siku ya Kuachwa tuihamishie stendi kuu ya mabasi. Siku hiyo uliianzisha wewe mwenyewe: mwanafunzi akimaliza mafunzo anapelekwa mahali, anaachwa peke yake, arudi kwa fimbo na akili yake, mwalimu akimsubiri ofisini na chai. Lakini tunawaacha uwanja wa shule, ambako hata mbuzi hapotei! Wakirudi makwao watapanda mabasi. Unamkumbuka Fundi Redio, yule aliyepoteza macho ukubwani na bado anatengeneza redio kwa kupapasa? Anarudi kwao Julai, na safari yake ni ya kubadilisha mabasi. Nataka awe wa kwanza kuachwa stendi.

Nipe baraka zako.

Mwanao, binti wa kaka yako


12 Februari

Marahaba mwanangu,

Goti lipo. Likiona ngazi linalalamika, likiona kitanda linanyamaza. Mkwe ni mtu mwema sana ila chai yake ina rangi ya maji ya mvua. Nilimwambia. Mumewe akanivuta pembeni akanisihi nisimwambie tena.

Ukubwa ni jalala, binti. Umeshakalia kiti, kila mwenye taka zake atakuja kukumwagia wewe, zoea. Sasa nisikilize. Ufunguo mrefu ni wa stoo ya fimbo, asiushike mtu mwingine. Mwalimu Tai anafundisha vizuri, lakini ukimwachia anaongea kuliko mwanafunzi anavyotembea, na ile tai yake anaivaa hata kwenye vumbi itakuja kumnyonga. Simama karibu naye. Dereva mwambie abadilishe matairi kabla ya mvua. Mwenyekiti usimpe chai kabla ya kikao, mpe baada, utaona anavyofupisha maneno. Mapazia ya ofisini yafuliwe.

Stendi hapana. Wapiga debe wanawaburura wenye macho, sembuse wasioona. Uwanja wa shule umetutosha tangu tuanze na hatujampoteza hata mmoja. Usijisumbue kuwaeleza wenzako, nimeshawapigia Dereva na Mwalimu Tai. Wamenielewa.

Kula, mwanangu. Ukiwa na mawazo unakonda shingo.

Shangazi yako


27 Machi

Shikamoo Shangazi,

Natumaini goti linakubali ngazi sasa. Baba kikohozi kimemwacha. Mimi mzima wa mwili, moyo ndio una maneno, na leo nitayasema yote. Kaa vizuri.

Wiki iliyopita nilikwenda semina ya uongozi ya wakuu wa mashirika kama yetu. Mwezeshaji, mama mmoja mpole mwenye miwani, alitugawia kadi za rangi tukabandika ukutani kama watoto wa chekechea. Nilikuwa nacheka moyoni. Kisha akauliza: ukiondoka mwezi mzima, bila simu, ni nini kitasimama kazini kwako? Nikawa wa kwanza kunyoosha mkono. "Kila kitu!" nikasema, kifua mbele, nikisubiri makofi. Yule mama akanitazama kwa huruma, akasema, "Pole sana." Ukumbi wote ukaangua kicheko. Nilitamani kuingia chini ya meza. Njia nzima ya kurudi nikawa najiuliza ni nani aliyenifundisha kwamba hilo ni la kujivunia. Jibu unalijua.

Jumatatu tukajiandaa kwenda stendi kwa mazoezi tu. Wanafunzi wamekaa garini, fimbo magotini. Dereva hawashi gari. "Twende," nikamwambia. Akajibu bila kunitazama: "Mkurugenzi, Mama amesema stendi hapana." Mbele ya wanafunzi! Mwalimu Tai akaanza kuchezea tai yake. Tukashuka wote. Fundi Redio akaniuliza kwa adabu zake, "Samahani, hivi mkubwa hapa ni nani hasa, ili tujue wa kumlalamikia?" Nilicheka, Shangazi, lakini iliniuma. Manahodha wengi, chombo huenda mrama.

Sasa nikwambie kitu ambacho wanafunzi wote wanakijua isipokuwa wewe. Siku za Kuachwa hukuwahi kukaa ofisini na chai. Ulikuwa unawafuata nyuma, unanyata, ukidhani hawajui. Kiatu chako cha kushoto kinalia. Hao ni wasioona, Shangazi! Watu wanaosikia kifungo cha shati kikianguka wakajua kimeviringika upande gani. Walikuwa wanaambiana, "Ukipotea wewe simama tu, Mama Kiatu yupo nyuma, atakohoa." Katika wote hao hakuna aliyewahi kuachwa.

Na mimi nakisikia kile kiatu nyuma yangu. Nakupenda, na kazi hii bila wewe nisingeijua. Lakini ukiendelea hivi, Julai bodi itamthibitisha nani? Simu za ofisini naomba usizipokee. Mwenyekiti akikupigia kuuliza habari zangu, sema la moyoni mwako, ila uniambie na mimi.

Kama nimekukosea adabu, nisamehe. Maneno yenyewe siyafuti.

Mwanao


20 Mei

Shikamoo Shangazi,

Sijapata jibu. Nilimpigia mkweo, akaniambia hujambo, unakula, goti linaendelea vizuri, na kwamba simu ikiita unaikodolea macho mpaka inyamaze. Nikashukuru, kisha nikalia. Sijui nilichokililia.

Huku mambo yamekuwa ya ajabu. Dereva alikuja akasimama mlangoni kwangu, kofia mkononi. "Mkurugenzi, ni hayo matairi. Nimempigia Mama hapokei. Sasa nifanyeje?" Nikamwuliza, "Wewe unaonaje?" Akageuka kutazama nyuma, kama kuna mtu mwingine ninayemwuliza. Alipoona ni yeye, akanieleza habari za matairi mpaka wakati wa chakula ukapita. Kumbe alikuwa nayo yote kichwani miaka yote.

Niandikie hata kunitukana.

Mwanao


1 Juni

Marahaba.

Nakuandikia kwa kuwa hasira zimeisha. Kusamehe bado, usichanganye.

Mama Kiatu! Miaka yote najiona natembea kama paka, kumbe nakwenda na ngoma yangu mguuni. Nimevaa vile viatu hapa nikatembea sebuleni, nikamwita mjukuu asikilize. Akasema, "Bibi, kinalia kama mlango." Nilicheka peke yangu mpaka mkwe akaja kuniangalia kama nimepatwa na jambo.

Ndiyo, niliwafuata. Na goti likikubali ningewafuata tena kesho. Mzazi anakuja na mwanawe asiyeona, anakushika mkono, anakwambia nakuachia huyu. Huo mkono hautoki mkononi mwako, binti. Ngoja upate wako ndipo uniite majina.

Lakini na wewe usijivike umalaika. Kabla sijaacha kupokea simu, Mwalimu Tai alinipigia. Alikuwa karibu kulia. Anasema unamfuata darasani, unamkata maneno mbele ya wanafunzi, na siku moja ulimpokonya fimbo mkononi eti umwonyeshe. Mtu mzima, na tai yake! Anatafuta kazi kwingine. Ulikuwa unajua? Hukujua, kwa sababu ulikuwa na kazi ya kumsahihisha. Mtoto wa nyoka ni nyoka. Kiatu changu kinalia mguu mmoja, vyako vinalia yote miwili.

Hilo ndilo la mwisho kukwambia juu ya kazi. Simu ikiita sipokei. Mimi naitazama, mkwe ananitazama mimi, kisha tunaendelea na chai yake. Hata nimeizoea.

Shangazi yako


14 Julai

Shikamoo Shangazi wangu,

Hujambo mwenyewe? Goti, mkwe, chai? Mimi leo ni mzima kuliko siku zote, na nina mengi.

Barua yako ilinichoma. Niliisoma asubuhi, nikatoka nayo hadi uani, nikakuta Mwalimu Tai anafundisha kushuka ukingo wa barabara. Nikaona kosa. Mguu ukaniinuka wenyewe kwenda kumrekebisha! Nikaushusha. Alipomaliza nikamwita ofisini, nikamwomba radhi bila kuzungukazunguka, nikatoa ufunguo mrefu kwenye lile rundo nikampa. Stoo ya fimbo ni yako, nikamwambia, na mafunzo ya stendi ni yako, mwanzo hadi mwisho. Aliushika ule ufunguo kama yai. Akaniuliza, "Na ukiniona nakosea?" Nikasema, "Nitakuuliza jioni, tukiwa wawili." Kazi ya kwingine hajaizungumzia tena.

Tena ana mbinu zake, Shangazi! Alikwenda kuwasalimia wapiga debe kwanza, akawafundisha kuuliza kabla ya kumshika mtu. Wewe na mimi tusingeliwaza hilo, tungewafukuza kwa fimbo.

Jana ikawa Siku ya Kuachwa ya Fundi Redio. Dereva alimpeleka stendi, akamshusha, akarudi na gari tupu. Mimi na Mwalimu Tai tukakaa ofisini, tumetazamana, birika katikati. Chai ikapoa. Nikachemsha nyingine. Ile nayo ikaanza kupoa. Nikasikia honi kubwa barabarani, nikainuka mpaka mlangoni. Mwalimu Tai akasema, "Mkurugenzi, kaa." Hakuna aliyewahi kuniambia kaa ndani ya ofisi ile ila wewe. Nikakaa. Shangazi, kukaa ni kazi! Sijawahi kufanya kazi ngumu kama ile kwenye shirika hili. Hapo ndipo nilipokuelewa kwa nini ulikuwa unawafuata, na nikakuhurumia sana.

Hatimaye tukasikia fimbo getini. Tiki, tiki, polepole, halafu ikasimama. Akaingia amejaa vumbi, mdomo haujafunga: mpiga debe mgeni alimsukuma kwenye basi lisilo lake, Fundi akamsema mpaka yule akamwomba radhi na kumshusha, kisha Fundi akauliza njia, akaelekezwa vibaya, akapotea.

"Nilipotea vibaya pale kwa mafundi viatu," akasema. "Nikasimama. Nikasikiliza nyuma kwa muda. Hakuna mtu. Basi nikajua leo nimeachwa kweli. Nikakasirika! Kisha nikasema, haya bwana, ni mimi na wewe fimbo."

Akaomba chai. Akaonja, akasema imepoa. Mwalimu Tai alikuwa analia, anafuta macho kwa tai.

Na leo bodi ilikaa. Chai nimewapa baada, kama ulivyosema. Mwenyekiti akatoboa mbele ya wote kwamba alikupigia simu ya nyumbani kwa mwanao kuuliza kama ninafaa, na wewe ukamjibu, "Mbona mnaniuliza mimi? Mkurugenzi mnaye hapo hapo, mwulizeni yeye," ukakata simu. Anasema tangu akujue hujawahi kumkatia simu. Ndipo wakaniuliza mimi. Nikawaambia kazi inakwenda, na wamwulize Mwalimu Tai na Dereva inakwendaje, maana wao ndio wanaijua. Wakaitwa. Dereva aliongea kuhusu matairi mpaka wakamsihi anyamaze.

Wamenithibitisha, Shangazi.

Ulisema "Mkurugenzi". Hukusema kaimu. Nimelia kwenye kiti chetu kinachozama.

Njoo utuone. Nitakuja mwenyewe stendi na gari kukupokea.

Mwanao


2 Agosti

Marahaba Mkurugenzi,

Mimi mzima, mkwe mzima, mjukuu kaota jino mbele. Goti limepewa fimbo na daktari. Ndiyo, cheka. Fimbo ya kahawia.

Barua yako nimesomewa na mkwe, kwa kuwa macho yangu yalikuwa yanatoka maji, nadhani ni vitunguu. Nikamwambia arudie pale pa kukaa. Akarudia. Mimi sikuwahi kuweza kukaa pale, mwanangu. Wewe umeweza. Nafurahi, na wivu ninao pia, yote mawili.

Nakuja Jumamosi ya mwisho ya mwezi. Gari lisije. Nitashuka hapo stendi yenu, niwaone hao wapiga debe wenye adabu, kisha nitatembea mwenyewe mpaka ofisini, polepole, na fimbo yangu. Viatu nimenunua vingine, havilii.

Wewe kaa na birika lako. Chai iwe na rangi. Nikichelewa, chemsha nyingine.

Na usithubutu kunifuata. Mimi ninaona, nitageuka.

Shangazi yako,
Mama Kiatu