Siku za Mahabusu za Kaka

Alhamisi, 3 Julai 2025

Adhabu ya kaka ni Jumanne. Alishakiri – misokoto kumi na miwili ya bangi, angebisha nini? Miezi kumi na minne yuko mahabusu. Wakili Hafidha anasema hakimu akizihesabu siku hizo, na kwa kuwa ni kosa la kwanza, anaweza kutoka siku hiyo hiyo. Kosa la kwanza! Nikatazama viatu vyangu.

Ni la pili. Mwaka 2021 alifungwa miezi sita kwa jina la Yoeli Sumari – jina la babu, ndilo tunalomwita nyumbani. Safari hii kaka akawapa polisi la ubatizo, Oscar Aminieli. Yote ni majina yake, si uongo. Hivyo ndivyo tunavyojiambia, mimi na yeye. Wakijua karudia, atapigwa miaka, na hiyo miezi kumi na minne haitamsaidia kitu. Nimefua mapazia mara mbili leo.

Jumapili, 6 Julai

Nimetoka Akheri, nyumbani kwa mama. Mama kanipokea na barua ya mchungaji ya kumwombea kaka ahesabiwe siku zake. Kaifuatilia wiki nzima, na magoti yale mabovu. Nikaisoma nimesimama. "Oscar Aminieli, ambaye kwetu anafahamika kama Yoeli Sumari." Na kwamba kifungo cha kwanza alikivumilia kwa unyenyekevu. Jasho likanitoka na baridi yote hii.

Nikasema nitampelekea wakili. Ningemwambia ukweli? Mama ni mzee wa kanisa, hawezi kudanganya hata bei ya ndizi. Nikanywa chai nikakimbia.

Jumatatu, 7 Julai

Sabasaba, mahakama imefungwa. Barua iko chini ya godoro. Nimeitoa, nimeirudisha. Mama kapiga simu: wakili kaipata? Nikajibu kaipata, kafurahi. Mwongo mimi. Akasema basi kesho naye atakuja, amwone mwanawe tu. Nikamkumbusha magoti. Wapi!

Jumanne, 8 Julai

Naandika kwenye benchi nje ya mahakama.

Ilikuwa inaenda vizuri. Mwendesha mashtaka akasema hana kumbukumbu za makosa ya nyuma. Wakili akaomba miezi kumi na minne ihesabiwe. Hakimu akaitikia kwa kichwa, huku anaandika. Kaka akageuka, nusu anacheka. Mama akaninong'oneza, mbona barua haisomwi? Nikamshika kitenge. Akasimama hivyo hivyo.

"Mheshimiwa, nisamehe. Kulikuwa na barua ya mchungaji, sijui imepotelea wapi. Naomba niseme mwenyewe. Mhesabie Yoeli wangu hizo siku. Safari ile ya kwanza alitoka gerezani amekonda, nikamlea mpaka akapona. Sasa nami nimechoka."

Hakimu akaweka kalamu chini. Akauliza taratibu, Yoeli ni nani?

Mama akamwonyesha kaka kwa mkono. Kwa fahari kabisa.

Tumeambiwa turudi saa nane. Mwendesha mashtaka katoka na faili, anakimbia. Kaka sijamwona, wamempeleka chini.

Mama yuko hapa pembeni yangu, anamenya chungwa. Kanipa nusu. Anauliza, mwanangu, nimesema vizuri?

Nimemjibu umesema vizuri, mama. Karani ametoka mlangoni, anatuita.