Wamefuta "Umeme Ukikatika", Mimi Nimeirudisha

Jumamosi, alasiri. Shelui leo ni upepo mtupu. Vumbi la barabarani limeingia mpaka kwenye mashine ya fotokopi, na mimi nina hasira ambayo hata chai haijaishusha.

Niandike kabla haijapoa.

Kwa anayepita hapa mara ya kwanza: nina steshenari ndogo karibu na maegesho ya malori. Nachapa barua, natoa kopi, napiga picha za pasipoti. Nikipata nafasi, najitolea na wenzangu kuandika kwa Kiswahili mwongozo wa kujenga mfumo endeshi huria, yaani ile programu kuu inayoifanya kompyuta iwake na kutii. Si kuupakia ukiwa tayari. Ni kuujenga mwenyewe kutoka mwanzo, kipande kwa kipande, huku ukijua kila kipande ni cha kazi gani. Hatulipwi. Wengi wetu hatujawahi kuonana uso kwa uso.

Mwongozo wenyewe umeandikwa kwa Kiingereza, sisi tunautafsiri. Ila kuna kitu ndani yake kilinishinda kukimeza.

Nilipoufuata kwenye kompyuta ya dukani, umeme ulikatika kipande kikubwa kikiwa katikati ya kujengwa. Kujenga kipande kama hicho kwenye mashine kuukuu kunachukua saa nyingi. Ulirudi kesho yake. Nikapekua mwongozo wote kutafuta la kufanya, sikukuta hata mstari mmoja. Nikaanza upya. Ukakatika tena.

Aliyeuandika hakuwahi kufikiria kitu kama hicho. Simlaumu. Mimi nakifikiria kila siku.

Baada ya kuhangaika sana nikapata njia. Kila kipande kikikamilika, unaiachia kompyuta alama kwamba hiki tayari. Umeme ukirudi, unafuta kile kimoja tu kilichoishia katikati na kuendelea kuanzia hapo. Nikaiandika njia hiyo taratibu, kwa maneno ya kawaida, nikaiingiza kwenye mwongozo wetu kama sehemu mpya. Nikaiita "Umeme Ukikatika".

Mratibu wetu, Kaka Idrisa, anayeishi Dar es Salaam, akaifuta. Akaandika sababu: haimo kwenye ule wa Kiingereza.

Nikairudisha. Akaifuta. Nikairudisha.

Ndiyo maana leo mchana kikundi kizima kikaitana kwenye simu. Niliweka spika kwa sababu mikono ilikuwa kazini, nabana karatasi za mteja. Mama alikuwa ameniletea chakula, akakaa kwenye benchi kunisubiri nile.

Kaka Idrisa si mtu mbaya. Amri zangu za kwanza kabisa za kompyuta alinifundisha yeye, kwa uvumilivu ambao sikuuona hata shuleni. Leo pia alianza kwa upole.

"Dada Elipendo, kazi yetu ni kutafsiri. Kila mtu akianza kuongeza mambo ya kwao, tutafika wapi?"

Kisha akatoa lile alilokuwa amelificha.

"Na tuseme ukweli, jamani. Mtu wa kujenga mfumo endeshi lazima anajua Kiingereza. Hizi kurasa za Kiswahili tunajichosha nazo bure. Napendekeza tuzifunge. Wewe dada uje upande wa Kiingereza, unaandika vizuri. Jina lako litakaa ukurasa wa mbele."

Nikaendelea kubana karatasi.

Nilitamani. Humu siwezi kujidanganya. Kwa muda mfupi nililiona jina langu pale mbele, likisomwa na watu wa nchi ambazo sitazifika, na nikaona ni rahisi kusema ndiyo.

Mama akaniuliza, "Anakukataza nini huyo?"

"Kuandika kwamba umeme hukatika."

"Kwani kwao haukatiki?"

Alidhani wa kwenye simu hawamsikii. Mtu akacheka upande wa pili, kisha akasema, "Shikamoo mama." Alikuwa Yusto, fundi simu wa Manyoni, ambaye kwenye vikao vyetu huwa hatamki neno.

"Marahaba mwanangu," Mama akajibu, akageukia chakula alichoniletea.

Yusto akaendelea. "Kaka Idrisa, samahani. Mimi Kiingereza changu ni cha kuokoteza. Mfumo niliojenga uko hapa mezani, unafanya kazi. Nimeujenga kwa kurasa hizo unazotaka kuzifunga, na kwa sola ambayo mawingu yakija inazima. Bila ile sehemu ya dada ningeshaacha."

Kaka Idrisa akasema tupige kura.

Tukapiga. Tukashindwa.

Waliotukataa wengi wamechoka, nawaelewa. Kazi ya bure inachosha. Lakini kuchoka kwao hakunifungi mimi mikono.

"Basi dada, imeamuliwa," Kaka Idrisa akasema. "Usiichukulie vibaya."

"Zifungeni," nikamwambia. "Leseni ya mwongozo inamruhusu mtu yeyote kuunakili, kuurekebisha na kuusambaza, mradi ataje ulikotoka. Hilo ulinifundisha wewe. Nanakili leo."

"Utauweza peke yako?"

"Sijui."

Yusto akaingilia. "Nitumie sura za mwanzo. Nianze kuzisahihisha."

Nilikata simu, karatasi nimezisahau mkononi. Mteja wa karatasi alikuwa bado amesimama kaunta. Aliniuliza kama kuna msiba. Nikamwambia hapana, kuna kazi.

Nimenakili kila kitu, ukurasa kwa ukurasa. Juu kabisa nimeyaweka majina ya waandishi wa mwongozo wa Kiingereza, na chini yao jina la Kaka Idrisa, kwa sababu ametoa jasho lake na siwezi kulifuta kama alivyofuta langu. Ile sehemu yangu nimeitoa katikati nilikokuwa nimeibana kwa woga, nimeiweka mwanzoni, kabla ya amri ya kwanza. Msomaji wa Manyoni, wa Sekenke, wa popote, akutane nayo kabla hajapoteza siku yake.

Wanaosema Kiswahili hakibebi kazi hii, waje wakae hapa dukani wanioneshe kilipodondoka.

Naogopa? Ndiyo. Kurasa ni nyingi, sisi ni wawili, na mwongozo wa Kiingereza hautatusubiri, utaendelea kubadilika. Nikishindwa, je? Nikichoka kama walivyochoka wale?

Basi atakayekuja anakili kazi yangu, arekebishe makosa yangu, aendelee nayo. Hahitaji kuniomba ruhusa.

Kesho nikitoka ibadani naanza na ukurasa wa kwanza.