Baba Kule Bandani

Dervla, pokea simu!! Basi soma. Niko hospitali ya Mullingar.

Ni baba. Nimemkuta sakafuni bandani. Sakafuni, Dervla!

Si unajua alivyo na treni zake ndogo? Leo alikuwa anapaka rangi kile kichwa cha treni, chenye rangi ya machungwa na nyeusi, mfano wa kile alichokuwa akiendesha kwenda Sligo. Mvua inanyesha, akawasha hita ya gesi ili rangi ikauke, akafunga mlango na kuziba chini kwa taulo vumbi lisiingie. Hewa ipite wapi?

Nampelekea chai, nagonga, kimya. Nikasukuma mlango kwa bega. Uso mwekundu, mdomo wazi. Nikamshika kwapani nikamburuta hadi nje mvuani, napiga kelele kama kichaa.

Akafumbua macho, akasema, "Nuala, funga mlango, vumbi."

Nuala! Ameniita jina la marehemu mama! Nikajua ndiyo basi, anamfuata.

Amewekewa oksijeni. Daktari anasema atapona, ila ningechelewa kidogo tu... sitaki hata kuandika.

Sasa hivi kavuta ile barakoa pembeni, akaniuliza, "We Muireann, kichwa changu kizima?"

Nesi akamwahi: "Kizima kabisa, mzee, tumeshakipima."

Baba akatabasamu, akafumba macho.

Dervla, kile cha treni nilikikanyaga nilipokuwa namburuta. Kimesagika. Nimemshika mkono tu, sijamwambia.