Visigino vya Mzee Elia

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba, na Bwana asifiwe. Huku Ulemo tu wazima. Mashamba tumesafisha, tunasubiri mvua, na bibi yako, mke mwenzio, bado anagombana na mgongo wake.

Umeandika kwamba unarudia mwaka chuoni, na Krismasi hutakuja kwa sababu unaona aibu kupita mbele za watu kanisani. Tena ukaniuliza nilifikaje kilele cha Kilimanjaro.

Sikufika, mjukuu wangu. Nilikuwa mgumu, ndivyo wanavyotuita wabeba mizigo ya wageni, na kupanda kwetu kuliishia kambini, chini ya kilele. Siku ya kwanza niliwapita wenzangu wote kwa ule mwendo wetu wa kuwahi mnada wa kuku. Siku ya tatu kichwa kikanigonga, nikakaa juu ya mzigo, nikasema narudi nyumbani.

Mpishi wetu, mzee Elia, akanicheka. "Wewe wa Singida, ulidhani huku juu wanauza kuku?" Kisha akachukua mfuko wangu wa unga, akauongeza kwenye mzigo wake. "Fuata visigino vyangu. Kilele usikitazame."

Nikavifuata. Siku ya sita tulishuka, tukatua mizigo getini, nikalia kwa furaha. Nyumbani nikasema nimemaliza mlima, nanyi mkadhani ni kilele. Sikuwasahihisha, Mungu anisamehe. Lakini kumaliza nilimaliza.

Basi, Krismasi panda gari uje. Nitakupokea stendi, na kanisani nitatangulia mimi kuingia, taratibu. Wewe tazama visigino vyangu tu.

Babu yako