Leso ya Mama Kadzo

Mjukuu wangu Rukia,

Salamu zikufikie hapo chuoni. Sisi hatujambo. Babu yako ametolewa mtoto wa jicho, na sasa anaona kila kijiwe kwenye wali wangu.

Umeniuliza tuliwatambuaje wagonjwa wa Ukimwi miaka ya themanini, kabla vipimo havijatufikia. Nilikuwa karani hospitalini Malindi. Fomu ya kuripoti wagonjwa ilitaka dalili kubwa mbili na ndogo moja, zisizo na sababu nyingine inayojulikana. Kupungua uzito sana na homa ya zaidi ya mwezi zilikuwa dalili kubwa; ngozi ya kuwasha, ndogo.

Siku moja akaja Mama Kadzo kutoka Jilore, mwenye homa ya zaidi ya mwezi na ngozi ya kuwasha. Kwa hofu yangu nilimwekea kiti kule mlangoni.

"Zamani ulikuwa na kilo ngapi?" nikamwuliza kwa mbali.

Akacheka. "Mwanangu, kwetu mizani ni ya korosho."

Akasimama, akafungua leso aliyovaa juu ya gauni. "Hii ilinizunguka mara moja tu. Hebu tazama sasa." Ilimzunguka mara mbili, na pindo likabaki. Akajaribu kuifunga tena, fundo likamponyoka. "Nifungie, nisije nikaaibika njiani."

Nilisita, Rukia, naye aliona. Kisha nikaenda, nikamfungia, na kiti chake nikakisogeza mezani kwangu.

Fomu ilikwenda Nairobi na dalili zake tatu, bila jina. Jina lake nimekaa nalo mimi, na leo nimekupa wewe.

Nyanya yako,
Mwanaisha